Saa ya Mgonjwa na Saa ya Kitabu

Mwezi huu twapenda kusema machache juu ya jambo lililoingia katika nyumba nyingi, na katika nyumba yetu wenyewe hapa Sekenke: nalo ni la mtu mzima, mwenye kazi na watoto, kuanza tena kusoma.

Binti yetu ni muuguzi katika zahanati. Tangu mwaka jana anasomea shahada ya uongozi wa huduma za afya kwa njia ya intaneti. Mchana yu kazini, magharibi yu jikoni, na watoto wakisha lala huifungua simu yake akasoma mpaka usiku mwingi. Kusema kweli hatukupendezwa. Elimu yetu sisi ni ya chuo cha Qur'ani na darasa la saba, na maisha yetu yote tumefundisha watoto uso kwa uso. Tukaona kuwa mwalimu asiyeonekana si mwalimu. Tukamwambia: "Mwanangu, cheti unacho na mshahara unao. Wataka nini tena?" Akajibu kwa adabu: "Baba, nataka kujua kwa nini dawa zinakwisha."

Jibu hilo hatukulifahamu mpaka siku tulipokuwa safarini na mjukuu wetu akashikwa na homa. Tulimpeleka katika kituo kimoja, akapimwa vizuri, kisha tukaambiwa dawa hakuna. Tukakopa fedha tukanunua dukani, na njia nzima tukawa twalaumu. Tulipofika nyumbani binti yetu akatueleza kuwa dawa hukosekana kwa sababu nyingi. Pengine fedha ni haba, pengine Bohari ya Dawa yenyewe haina. Lakini pengine fedha ipo na dawa zipo, illa maombi ya kituo yamechelewa kupelekwa, au hesabu ya dawa zilizotumika imeandikwa vibaya, hata kikaombwa kidogo kuliko haja ya watu.

Basi tazameni, ndugu zetu. Mfawidhi wa zahanati aghalabu ni mtu aliyefundishwa kutibu. Lakini juu ya kutibu yampasa ajaze vitabu vya MTUHA, ahesabu akiba ya dawa, apange zamu za watumishi, na atunze fedha. Jirani zetu wa Igunga, ng'ambo ya mbuga ya Wembere, ndiko ulikoanzia Mfuko wa Afya ya Jamii mwaka 1996. Na mfuko wa namna hiyo hausimami bila ya mtu ajuaye kuandika mchango wa kila kaya na kuutolea hesabu. Tena tangu mwaka wa fedha 2017/2018 Serikali imekuwa ikipeleka fedha moja kwa moja katika akaunti za vituo, hata zahanati za vijijini. Mkono ule ule unaochoma sindano ndio unaotia sahihi ya kutoa fedha. Je, si haki mkono huo ufundishwe?

Wala kusoma bila ya kuacha kazi si jambo geni katika nchi yetu. Mwaka 1973 watu wazima wapatao milioni mbili walikusanyika kwa makundi mbele ya redio, vijitabu mikononi, katika masomo yaliyoitwa "Mtu ni Afya". Walisikiliza, wakajadiliana, kisha wakarudi makwao wakachimba vyoo na kufyeka majani yanayoficha mbu. Hakuna aliyeliacha shamba lake. Na huko Kenya, mwaka 2005, shirika la AMREF pamoja na Baraza la Wauguzi walianzisha masomo ya kompyuta ili wauguzi wenye cheti wapate stashahada hali wangali katika vituo vyao. Kwani wangeitwa wote darasani, nani angebaki na wagonjwa?

Lakini liko neno la pili, nalo ni zito. Usiku mmoja binti yetu alikuwa zamu, na kesho yake alikuwa na jaribio. Akafungua somo lake, akazama ndani yake, na mama mmoja mwenye mtoto mgonjwa akangoja mlangoni muda mrefu. Mtoto alipona, tunamshukuru Mwenyezi Mungu. Khabari hii alitueleza yeye mwenyewe, naye analia. Hatukumgombeza. Tulimwambia tu: "Saa ya zamu ni amana. Umekwisha kuiuza kwa mshahara, nayo ni mali ya mgonjwa. Kuisomea ni kuchukua kisicho chako, hata kama unachosoma ni cha kheri."

Naye akachagua njia iliyo nzuri. Akapunguza masomo ya muhula, akakubali kumaliza baadaye kuliko wenzake. Nasi tukaiona sehemu yetu. Tukakaa na mkwe wetu tukapanga: yeye awalishe watoto na kuwalaza siku tatu za juma, siku mbili waje kwetu baada ya Isha, na kaka yake achangie bando la intaneti. Hivyo binti yetu hupata saa mbili zilizo zake, kisha hulala. Mtu asiyelala hupima dawa kwa macho mazito, na hiyo ni khatari.

Twawaonya pia vijana wetu: wako watu wanaouza majibu ya majaribio, na wanaomwandikia mtu kazi yake kwa malipo. Jiepusheni nao. Aliyenunua shahada ya uongozi ataongoza kwa kitu gani siku dawa zitakapokwisha?

Na ninyi wazee wenzetu, mkimwona binti au mke ameinamia simu usiku, msifanye haraka kudhani ni upuuzi kama tulivyodhani sisi. Mwulizeni anasoma nini, kisha mpokeeni mtoto aliye mgongoni mwake.

Wabillahi tawfiq.