Kuogelea Mtwara: Bahari ipo mlangoni, mwalimu yuko wapi?

Pwani ya Mtwara, kuanzia Mikindani hadi Msimbati na maingilio ya Mto Ruvuma, haina shida ya maji. Wavulana wengi hujifunza kuogelea kwa kuwafuata kaka zao: leo unaingia hadi magotini, kesho kifuani, mwisho unaruka kutoka kwenye ngalawa. Hakuna darasa, hakuna ada.

Njia hiyo imetoa waogeleaji hodari na wapiga mbizi wa kweli. Ila kuna inaowaacha nje, na wa kwanza ni wasichana. Mama anayekwenda pwani maji yakipwa kutafuta pweza na chaza anaweza kuifanya kazi hiyo miaka 20 bila kujua kuogelea. Siku bamvua likijaa haraka na mkondo ukamkata njia, hana la kufanya.

Si jambo dogo. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya Desemba 2024 inakadiria watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021. Tangu 2000 kiwango cha vifo hivyo kimeshuka kwa asilimia 38 duniani, lakini Afrika kimeshuka kwa asilimia 3 tu.

Wenzetu wanafundishaje?

Bangladesh hawakusubiri mabwawa ya kisasa. Mpango wa SwimSafe uliweka majukwaa ya mianzi ndani ya madimbwi ya vijijini, na vijana wa kijiji hichohicho wakapewa mafunzo ya ualimu. Mtoto anafuzu akiogelea mita 25 na kuelea sekunde 30. Utafiti uliochapishwa 2012 ulionyesha kuwa vifo vya kuzama kwa waliofuzu vilikuwa chini kwa zaidi ya asilimia 90 kuliko kwa wasiopitia mafunzo.

Uholanzi, nchi ya mifereji, mtoto hufanya mtihani akiwa na nguo zake mwilini. Pia lazima apite chini ya maji kwenye tundu la turubai. Hoja yao ni nyepesi: anayetumbukia mferejini hana muda wa kuvaa nguo za kuogelea.

Uingereza, mtaala wa shule za msingi unataka mtoto aogelee mita 25 na ajue kujiokoa. Shirika lao la uokoaji majini, RNLI, linasisitiza jambo moja: ukitumbukia, usipambane. Lala chali, elea, tuliza pumzi, ndipo upige kelele au uogelee.

Hapo ndipo tofauti kubwa ilipo. Wahenga walisema mfa maji haachi kutapatapa, na kweli, kutapatapa ndiko kunakommaliza. Kaka anayemfundisha mdogo wake baharini humfundisha kwenda mbele na kushindana. Kuelea tu bila kwenda popote, nani anamfundisha?

Tanzania tayari kuna mifano

Nungwi, Unguja, mradi wa Panje umewafundisha wanawake na wasichana wakiwa wamevaa mavazi ya stara yaliyoshonwa kwa ajili ya maji, na wanaofundisha ni wanawake wenzao. Mambo hayo mawili yalijibu hofu ya wazazi wengi. Mwanza nako, shirika la EMEDO linafanya kazi ya kuzuia watu kuzama Ziwa Victoria.

Mtwara inaweza kuchukua nini? Si lazima bwawa. Ghuba ya Mikindani imekingwa na mawimbi makubwa, na ufukwe wenye mchanga hutosha maji yakiwa ya kiasi. Walimu pia wapo: wavuvi na wapiga mbizi wanaojua mikondo kuliko mgeni yeyote. Wanachokosa ni mafunzo ya kufundisha, kuokoa na kumhudumia aliyekunywa maji. Shule, serikali za vijiji na vikundi vya BMU vikikaa pamoja, dumu tupu lililofungwa vizuri na kamba vinatosha kuanzia.

Lakini mipaka ipo. Mto Ruvuma una mamba na viboko, hivyo si mahali pa kufundishia. Wanaovuka kwa mtumbwi wanahitaji jaketi okozi na chombo kisichojazwa kupita kiasi. Kwa watoto wa chini ya miaka mitano, dawa ya kwanza ni uangalizi wa mtu mzima. Ndiyo maana Bangladesh ilianzisha vituo vya kulelea watoto wakati mama yuko kazini.

Kwa akina mama wa Mtwara, suala hili linagusa hata mfuko. Joto la bahari limeathiri kilimo cha mwani kwenye maji mafupi, hasa aina ya cottonii yenye bei nzuri kuliko spinosum. Watafiti Zanzibar wamekuwa wakijaribu kuuhamishia kwenye kina kirefu, penye maji ya baridi zaidi. Huko miguu haifiki chini. Mama asiyejua kuogelea atabaki na zao la bei ya chini, na wenye boti na uwezo wa kuogelea, ambao wengi ni wanaume, ndio watakaolichukua lile la bei nzuri.