ALIYEDISKO SI MAITI, ACHENI KUMCHIMBIA KABURI!

Ndugu msomaji, wiki hii nataka tuambizane ukweli ambao vigogo hawapendi kuusikia, na ambao hata sisi wa vijiweni tunaukwepa. Namzungumzia kijana aliyedisko. Unamjua, yuko mtaani kwenu. Alipochaguliwa kwenda chuo kikuu mama yake aliuza mbuzi, majirani wakachanga nauli, na msikitini au kanisani akaombewa dua. Leo ukimuuliza yuko mwaka wa ngapi, anatazama pembeni na kukwambia chuo kimefungwa. Chuo gani hicho kinafungwa miaka miwili?

Kwa asiyejua lugha ya Mlimani, kudisko ni kuondolewa chuoni kwa sababu ya alama mbovu. Kwanza unapewa sapu, yaani mtihani wa marudio. Somo likikushinda unalibeba kama keri hadi mwaka unaofuata. Wastani wako, hiyo GPA inayowanyima watu usingizi, ukianguka chini ya kiwango cha chuo, hakuna cha sapu wala cha keri. Begi mgongoni, godoro kichwani, kwaheri ya kuonana.

Mimi ninayeandika haya si msomi. Nimeishia sekondari, kalamu yangu ni ya kubangaiza, nalipwa kwa makala. Sina chuo ninachokitetea wala digrii ninayoringia. Ndiyo maana nasema bila kumung'unya maneno: nchi hii inawazika vijana wakiwa hai, halafu inajifanya kushangaa kwa nini vijiwe vimejaa!

NANI KILAZA?

Tukumbushane kidogo, maana Watanzania tuna ugonjwa wa kusahau. Mwishoni mwa Mei 2016, pale Chuo Kikuu cha Dodoma, wanafunzi zaidi ya 7,000 waliokuwa wakisoma stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi na hisabati waliamriwa kufungasha na kuondoka. Kisa? Walimu wao walikuwa wamegoma kufundisha wakidai malipo. Yaani aliyegoma ni mwalimu, aliyetimuliwa ni mwanafunzi! Tarehe 30 Mei mbunge wa upinzani, Joshua Nassari, alisimama bungeni akitaka jambo hilo lijadiliwe. Naibu Spika wa wakati huo, Tulia Ackson, akakataa, ukumbi ukachafuka. Siku chache baadaye, tarehe 2 Juni, Rais wa wakati huo, hayati John Magufuli, akiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliwaita vijana wale "vilaza".

Sasa tuulizane. Nani aliwaingiza pale? Walivunja dirisha usiku? Mpango ule ulikuwa wa Serikali, ulioanzishwa ili kupunguza uhaba wa walimu wa sayansi. Serikali iliwaita, Serikali ikawakopesha, Serikali ikawafukuza, kisha Serikali ikawatukana. Na baada ya kelele kupungua, Serikali ileile iliwachambua na kuwapangia wengi wao vyuo vya ualimu waendelee na masomo. Kumbe walikuwa wanafundishika! Basi lile jina la kilaza lilikuwa la nini?

Jina hilo halikuishia Dodoma. Lilishuka hadi mitaani, na leo kila kijana aliyedisko anavalishwa kama kofia. Baba anamwita kilaza mezani. Shemeji anamwita kilaza kwenye harusi. Wewe mwenyewe, msomaji wangu, umemcheka pale kijiweni: "Msomi, hebu tufafanulie!" Umecheka, umekunywa kahawa yako, umeondoka. Yeye amebaki na kicheko chako usiku kucha.

WENYE MIDOMO WATASEMA

Nawasikia wenye midomo: "Wengine walidisko kwa sababu ya pombe, wasichana na mikeka ya kubeti." Sibishi, wapo. Wapo waliopokea bumu asubuhi na jioni hawana hata la daladala. Lakini hata mwizi wa ng'ombe akifungwa hupewa tarehe ya kutoka gerezani. Huyu wa bumu lililoliwa tarehe yake ya kutoka ni ipi?

Na ni uongo kusema wote walikuwa walevi. Yupo aliyesoma shule ya msingi ya Serikali kwa Kiswahili, akaingia sekondari akakuta Kiingereza, akakariri miaka sita bila kuelewa, akafika chuoni mambo yakamshinda. Yupo aliyepelekwa kozi asiyoitaka kwa sababu aliyoitaka ilijaa. Yupo aliyelala wanne kwenye chumba cha wawili, wanaita kubebana, akangoja bumu lililochelewa huku akisomea tumbo tupu. Yupo aliyefiwa na baba katikati ya mitihani, hakuna aliyemuuliza hata "una nini kijana?" Chuo huona alama tu, na alama haina mdomo wa kujieleza.

HESABU YA MTEGO

Sasa sikiliza sehemu inayochoma. Tuseme kijana ameamka, amejifuta vumbi, anataka kuanza upya. Anaomba chuo kingine, anapata. Anakwenda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, ile iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Miongozo ya Bodi ya miaka ya karibuni inamwambia: wewe uliyekopa mwanzo ukaacha masomo, rudisha kwanza asilimia 25 ya ulichokopa, ndipo tuzungumze.

Chukua kalamu tupige hesabu ya machinga. Kama alikuwa amekopeshwa shilingi 8,000,000, asilimia 25 ni shilingi 2,000,000. Akisukuma mkokoteni Kariakoo na kuweka kando shilingi 3,000 kila siku, bila kuugua, bila Sikukuu ya Idi wala Krismasi, itamchukua siku 667. Karibu miaka miwili! Na mwongozo huohuo, kwa mfano ule wa 2024/2025, unataka mwombaji awe amemaliza kidato cha sita au stashahada ndani ya miaka mitano. Sasa jumlisha mwenyewe: miaka miwili aliyosoma kabla ya kudisko, miaka miwili ya mkokoteni. Anafika mlangoni akihema, mkononi ana milioni mbili zake, na mlango ndio unafungwa. Akichelewa kwa malaria na kufiwa, ameukuta umefungwa.

Hapo hujasikia bado. Akikata tamaa akaajiriwa mahali, sheria ya mikopo iliyorekebishwa mwaka 2016 inaamuru akatwe asilimia 15 ya mshahara, badala ya asilimia 8 ya zamani. Anakatwa sawasawa na mwenzake mwenye digrii ukutani. Deni la msomi analo, cheti cha msomi hana!

Wala wasituambie sheria haibadiliki. Mei Mosi ya mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuondoa ile asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo iliyokuwa ikiwanenepesha madeni wadaiwa. Kwa hilo tunashukuru, maana mgema akisifiwa si lazima tembo alitie maji. Lakini tumejifunza kitu: kumbe panapokuwa na nia, kikwazo huondolewa siku moja, tena jukwaani. Basi na hiki cha asilimia 25 kiondolewe. Deni la zamani liunganishwe na jipya, kijana asome, amalize, alipe yote. Mkulima anayedaiwa hanyang'anywi jembe, maana atalipa kwa nini?

MTOTO WA KIGOGO HADISKO

Umewahi kumsikia mtoto wa kigogo amedisko? Humsikii. Si kwamba wote wana akili za kuzaliwa nazo. Akianguka hapa, baba anamtafutia chuo ng'ambo, anapanda ndege, na baada ya miaka minne anarudi na suti na lafudhi mpya. Hakuna anayeuliza alianza wapi. Kuanza upya kwake kunaitwa "kubadili mazingira". Kuanza upya kwa mtoto wa mlalahoi kunaitwa "kupoteza muda". Huu ndio uchungu wangu, msomaji. Nafasi ya pili ipo nchini humu, ila inauzwa, na bei yake walalahoi hatuiwezi.

Na nchi hii iliwahi kujua kusamehe. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere alikasirika na kuwafukuza karibu 400 palepale. Hawakufukuzwa kwa alama mbovu, najua. Lakini walifukuzwa na mkuu wa nchi mwenyewe, tena kwa hasira, na bado wengi wao waliruhusiwa kurudi masomoni baadaye. Mmoja wao, Samuel Sitta, alikuja kuwa Spika wa Bunge mwaka 2005. Kama aliyemkasirisha Rais aliweza kurudi darasani, aliyeshindwa hesabu za mwaka wa kwanza amemkasirisha nani?

SASA WEWE ULIYEJIFICHA

Vigogo nimewapa zao. Sasa nakugeukia wewe, kaka, na sitakubembeleza. Serikali ikilala, wewe usilale nayo kitanda kimoja.

Kwanza, sema nyumbani. Kila mwezi unaomba pesa ya chuo ambacho hukimo, na mama anakopa kwa riba ili akutumie. Siku ya mahafali itafika, mama atashona gauni, wewe utavaa joho la nani? Aibu ya leo ni ya siku moja.

Pili, rudi chuoni ukachukue barua yako na taarifa ya matokeo yako. Uliza kwa maandishi kanuni zao zinasemaje kuhusu kurudi. Kudisko kozi moja si kufungiwa elimu yote. Unaweza kuomba kozi nyingine au chuo kingine, nenda ukiwa na karatasi zako mkononi, usiende na hadithi.

Tatu, zijue njia. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1992 kwa ajili ya watu wasioweza kukaa bwenini. Kina vituo mikoani, unasoma huku unauza mitumba yako. Kina pia kozi ya msingi kwa wale ambao alama zao za kidato cha sita hazitoshi, na ukiimaliza kwa GPA ya 3.0 unaomba digrii. Una D nne tu za kidato cha nne? Anza na astashahada, panda stashahada, fikisha GPA ya 3.0, mlango wa digrii utaukuta wazi. Ngazi ni ndefu, lakini ni ngazi. Tena tangu mwaka wa masomo 2023/2024 Bodi ilianza kukopesha hata wa stashahada kwa baadhi ya fani. Na mtihani wa kidato cha sita unaweza kuurudia kama mtahiniwa wa kujitegemea.

Nne, wewe uliyemaliza lakini kwa pasi, yaani kati ya 2.0 na 2.6, nawe usijinyonge. Shahada ya uzamili mara nyingi inadai 2.7 kwenda juu, lakini vipo vyuo vinavyompokea mwenye pasi kwanza kwenye stashahada ya uzamili, akafanya vizuri, akaendelea. Uliza, mdomo haulipiwi ushuru.

Tano, na hili nalisema kwa herufi kubwa: USINUNUE CHETI! Kuna matapeli wanazunguka mjini wakiuza digrii kama karanga. Tarehe 28 Aprili 2017, Rais Magufuli alikabidhiwa taarifa ya watumishi wa umma 9,932 waliokutwa na vyeti vya kughushi. Walitolewa kazini, wengine wakiwa wamekaribia kustaafu. Miaka ya stashahada na digrii ni mirefu, lakini ni mifupi kuliko miaka ishirini ya kushtuka kila simu ya mwajiri inapolia.

MADAI YETU

Waheshimiwa, tunadai mambo matatu tu. Ondoeni sharti la asilimia 25 kwa kijana anayerudi darasani. Hiyo miaka mitano ihesabiwe tangu alipoondolewa chuoni, si tangu kidato cha sita. Na masomo aliyofaulu kabla ya kudisko ayabebe kwenda nayo anakokwenda, chuo kisimzuilie karatasi zake kwa sababu ya ada aliyokosa. Hatuombi kijana apewe alama za bure. Tunataka aruhusiwe kukaa tena kwenye dawati, mtihani ule ule, msimamizi yule yule.

Mkikataa, msije kwenye vijiwe vyetu wakati wa kampeni na kofia na fulana mkituita taifa la kesho. Tutawauliza: kesho ipi, na ninyi mmeshaifunga leo?

Na wewe uliyemcheka msomi wa kijiweni, ukimkuta jioni usimwambie "tufafanulie". Muulize fomu za kuomba chuo zinatoka lini. Kama hajui, mwende wote.