Fungu la Mtafuta Warithi

Katika mafungu ya mirathi tuliyofundishwa chuoni utotoni kuna nusu, robo, thumuni, thuluthi mbili, thuluthi na sudusi. Fungu la mtu aliyeleta barua halimo. Huko Uingereza limo, na mara nyingine huwa kubwa kuliko la mrithi yeyote. Mimi nasema halistahili kuwa kubwa hivyo, na wanaolitetea wanatuchezea akili.

Nieleze kwanza biashara yenyewe, maana kwetu haijazoeleka. Mtu akifa Uingereza au Wales bila wosia na bila jamaa anayejulikana, mali yake huangukia kwa Taji. Kama alikuwa mkazi wa Cornwall au Lancaster, huingia katika milki za kifalme za huko. Wanasheria wa Hazina kwa miaka mingi wametangaza orodha ya majina ya marehemu kama hao, ilimradi kinachobaki baada ya madeni kisipungue pauni 500. Wanaoweza kudai wamepangwa na sheria ya mwaka 1925: mume au mke, watoto, wazazi, ndugu, mababu na mabibi, kisha ami, wajomba, shangazi na khalati, pamoja na vizazi vyao. Dai likija ndani ya miaka 12 tangu hesabu za mirathi zifungwe, hulipwa na riba. Baada ya hapo laweza bado kusikilizwa, bila riba, mpaka itimie miaka 30 tangu kifo.

Basi kuna makampuni yanayoishi kwa orodha hiyo. Jina likitokea, hukimbilia daftari za uzazi, ndoa na vifo, ambazo huko zimeandikwa tangu Julai 1837, na daftari za sensa, ambazo hufunguliwa baada ya miaka 100 (ile ya 1921 ilifunguliwa Januari 2022). Wakishapata jamaa humpigia simu au humwandikia: wewe ni mrithi. Wa nani? Hatusemi mpaka utie saini. Na hiyo saini inawapa sehemu katika kila mia, pengine kumi, pengine ishirini na tano, pengine thuluthi nzima au kupita.

Tufanye hesabu kidogo. Tuseme marehemu ameacha pauni 60,000 na mabinamu wanne, kila mmoja fungu lake 15,000. Kampuni imeandikiwa asilimia 25. Itachukua 15,000, na kila binamu atabaki na 11,250. Mtu baki amekuwa mrithi wa tano, tena amewapita wale wanne wa damu. Na ujira huo ukiongezewa kodi ya mauzo ya huko, ambayo ni asilimia 20 ya ujira wenyewe, kampuni inagharimu 18,000 na binamu anabaki na 10,500. Katika sheria yetu ya Kiislamu, hata marehemu mwenyewe, aliyeitafuta mali kwa jasho lake, hawezi kuusia zaidi ya thuluthi bila ya ridhaa ya warithi. Huyu wa barua amepewa ruhusa na nani?

Watasema: na mrithi mwenyewe, aliyetia saini. Hapo ndipo penye ubishi wangu. Makubaliano ni makubaliano pale pande zote mbili zinapojua kinachouzwa. Mrithi hajui marehemu ni nani wala ameacha kiasi gani, na hajui kama utafutaji ulichukua miezi sita au alasiri moja. Mtu mwenye jina la ukoo la nadra sana anaweza kupatikana kabla ya chai ya jioni, na mwenye jina la Smith au Jones akasumbua mwaka mzima. Asilimia haijali. Nyumba ikiwa London, ambako kibanda kinauzwa kwa bei ya kasri, ujira unapaa ingawa kazi ni ile ile ya kufungua daftari.

Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Kazi ya watu hawa ni kazi kweli. Wanaingia gharama zao wenyewe, na wasipompata mtu hawalipwi senti. Aghalabu kampuni tatu nne hushindana kwa marehemu mmoja, na inayochelewa hula hasara. Isitoshe, bila wao mali nyingi ingebaki kwa Taji, na warithi wasingepata hata hizo 10,500. Haya yote nayakubali. Ila hayanishawishi juu ya kiasi, wala juu ya kuficha jina. Hatari ya biashara hubebwa na mfanyabiashara. Kwa nini mjane wa Leicester alipie kampuni hasara iliyopata kwa marehemu wa Leeds?

Tena njia nyingine ipo, na makampuni hayo hayo yanaijua. Wakili anayesimamia mirathi akikosa mrithi mmoja, huwaajiri kwa saa au kwa bei ya mkupuo, inayolipwa kutoka mali yenyewe. Kwa nini anayejua bei alipe kwa saa, na asiyejua alipe kwa mia?

Sifa yao imepandishwa sana na televisheni. Kipindi cha BBC kiitwacho Heir Hunters, kilichoanza mwaka 2007, kiliwaonyesha wakikimbizana kwa magari na simu kumfikia binamu aliyesahauliwa. Kilikuwa kitamu kutazama, sikatai. Lakini Uingereza hakuna leseni ya kazi hii, na yeyote mwenye simu na meza anaweza kuianza kesho asubuhi. Wapo wanaojiunga na vyama vyao na kufuata kanuni kwa hiari, na hao wana haki ya kusifiwa mbali na wengine. Hiari lakini si sheria.

Wafaransa wamekuwa na akili zaidi. Biashara hii ni ya zamani kwao, kampuni ya Andriveau ilianza mwaka 1830. Mwaka 1998 mahakama yao ya juu ilikubali kwamba jaji anaweza kupunguza ujira uliokwisha kutiwa saini, ukionekana umezidi huduma iliyotolewa. Mwaka 2006 wakatunga sheria kwamba hakuna anayeruhusiwa kutafuta warithi bila kutumwa na mtu mwenye haki halali katika mirathi hiyo. Na makampuni hayakufa.

Yanatuhusu nini sisi? Yanatuhusu, maana watu wetu wametawanyika. Mama mmoja jirani yangu hapa Mombasa alikuwa na ami baharia aliyelowea Uingereza tangu miaka ya hamsini. Aliletewa barua kama hizo, asilimia 33, jina limefichwa. Akanijia nayo. "Mwanangu," akaniambia, "mimi huko nilikuwa na ami mmoja tu. Siri gani hii?" Tukatazama orodha, jina la ami tukalikuta, limeandikwa vibaya kidogo lakini ni yeye. Tuliwaandikia kampuni tukawaomba waseme bei ya kazi iliyobaki, yaani kukusanya vyeti. Wakajibu kwamba huo si utaratibu wao. Vyeti tulivihangaikia wenyewe, cha ndoa ya babu kilitusumbua mno, na dai likapelekwa bila wao. Nasaba ambayo kampuni ilitaka iuze kwa thuluthi, bibi mmoja wa Kibokoni alitusomea mpaka babu wa tano, akanywa kahawa yake akaenda zake.

Neno moja kwa anayeletewa barua ya namna hiyo. Kama anayeandika anataka pesa kwanza, ya muhuri, ya kodi, ya wakili wa sijui nchi gani, huyo ni mwizi, na barua ichanwe. Kampuni ya kweli hukata mwisho, haiombi mwanzo. Ikiwa ni ya kweli, usitie saini siku hiyo. Itazame orodha. Uliza bei ya mkupuo. Na kama umekwisha kutia saini nyumbani kwako au kwa posta huko Uingereza, kwa kawaida kanuni za mwaka 2013 zinakupa siku 14 za kughairi.

Hapa Kenya tuna sheria ya mwaka 2011 ya mali za kifedha zisizodaiwa, na mamlaka yake inayopokea akaunti za benki zilizolala miaka mitano, hisa, na malipo ya bima ya waliokufa. Kudai ni bure, na jina hutafutwa bure. Hata hivyo madalali wameshaanza. Kijana mmoja nadhifu alinijia barazani mwaka jana na fomu mkononi, akitaka robo ya akaunti ya marehemu kaka yangu. Nilimwuliza robo ya nini. Akasema, ya usumbufu. Nikamwomba anitajie bei ya usumbufu huo kwa siku, nimlipe siku zake. Akasema atarudi na mkubwa wake, na mpaka leo nawangoja wote wawili.