Kuzaliwa Upya kwa Ajili ya Kisasi

Riwaya za Kichina za mtandaoni zimetafsiriwa, na simu imezifikisha hata kwa washarika wetu. Aina moja huitwa chongsheng, yaani kuzaliwa upya: mwanamke aliyeangamizwa na fitina za ikulu hurudi katika ujana wake, akimkumbuka kila adui. Mfano ni Shen Miao, malkia wa mwandishi Qian Shan Cha Ke. Alimsaidia mumewe kupata kiti cha enzi, akapoteza watoto na ukoo, akaishia kunyongwa. Anaamka akiwa na miaka 14, na hesabu inaanza.

Wako wanaozilaani riwaya hizi kwa sababu ya miungu ya kigeni. Sisi tunasema wanampiga nyoka mkiani. Uchungu wa Shen Miao tunauheshimu. Mama aliyefiwa hachekwi. Hatari ni kuita kuzaliwa upya kile ambacho ni chuki ileile iliyoongezewa akili. Mwili ni mchanga, moyo ni wa kale.

Bwana Yesu alimfundisha Nikodemo jambo jingine. Katekisimu Ndogo ya Luther ya mwaka 1529 inafundisha kwamba ubatizo humzamisha mtu wa kale kila siku kwa toba. Shen Miao hazamishi kitu. Anarudi na daftari la madeni.

Lakini tujihukumu sisi kwanza. Ni wangapi tunaoikaribia Meza ya Bwana na daftari hilohilo mfukoni, tukimngoja ndugu ateleze? Tukizifunga simu, tujiulize: tumezaliwa kwa Roho, au tunatafuta tu nafasi ya pili ya kulipiza?