Ngoma Ikitoka Studio: Waraka kwa Wachanaji Wenzangu

Kwa wanachama wote wa umoja wetu, wa Dar es Salaam na wa mikoani: wachanaji, maprodyuza, madijei, na kaka na dada mnaotupiga picha na kutuchorea makava.

Yah: Namna tunavyoachia ngoma zetu



Nyimbo zenu zinanifikia karibu kila wiki, na nyingi zinaniuma kwa uzuri wake. Mistari imekaa, vina vimesimama, mdundo una uzito. Halafu naona namna zinavyotolewa. Saa sita usiku faili linarushwa kwenye makundi ya WhatsApp na maneno "ngoma mpya hiyo wana, sapoti". Kava limetengenezwa kwa haraka, jina la prodyuza halipo, na kufika Ijumaa mwenye wimbo yuko studio anarekodi mwingine. Mtu amekesha akitafuta kina cha mwisho wa beti, amefuta na kuandika upya, lakini kuufikisha wimbo kwa watu hakukutengea hata siku moja. Nawaomba tuiache tabia hiyo. Kuachia ngoma ni sehemu ya usanii wenyewe, na kunastahili akili ileile tunayoitumia kwenye mistari.

Hatukuanza sisi kuhangaika. Kwanza Unit walipoungana hapa Dar mwaka 1993, hapakuwa na njia iliyochongwa. Walichana wakati watu wengi mitaani walikuwa hawajaamua kama huu ni muziki au ni uhuni. Professor Jay alipotoa Machozi, Jasho na Damu mwaka 2001, hata wazee walitega sikio, kwa sababu mle ndani walikuta mambo ya nchi yao yakisemwa kwa Kiswahili chao. X Plastaz wa Arusha wakachanganya rap na uimbaji wa Kimaasai, na mwaka 2004 albamu yao ya Maasai Hip Hop ikatoka kupitia lebo ndogo ya Munich, Out Here Records. Kenya nako, Kalamashaka walitoka Dandora, si mitaa ya kitajiri, wakafikisha albamu yao ya Ni Wakati sokoni mwaka 2001.

Lakini kumbukeni pia kaka zetu wale walifanya kazi katika mazingira gani. Enzi za kanda msanii alikuwa anakabidhi masta kwa msambazaji, analipwa kwa mkupuo, basi. Kanda inapanda basi kwenda Mwanza, Songea na Kigoma, na yeye hana namna yoyote ya kujua zimetoka nakala ngapi. Wengi walisikia nyimbo zao kwenye kila daladala huku wao wenyewe wakitafuta nauli ya kupandia daladala hiyohiyo. Sisi leo tunafungua simu asubuhi na kuona jana wimbo umesikilizwa na watu wangapi, wa Kahama, wa Mombasa, wa Muscat. Akaunti ni yetu, masta ni yetu. Wangeipata nafasi hii wakati ule, nina hakika wasingeichezea kama tunavyoichezea sisi.

Nianze na karatasi, kwa kuwa ndiko tunakoumizana zaidi, tena tunaumizana wenyewe kwa wenyewe. Wana wanne wanaingia studio, mdundo wa mmoja, beti za wawili, kiitikio cha dada mmoja aliyepita kusalimia. Siku hiyo ni kicheko na kahawa. Miaka miwili baadaye wimbo unatakiwa kwenye tangazo au filamu, mwenye filamu anauliza asaini na nani, na hapo urafiki unakatika. Mali bila daftari hupotea bila habari. Ukurasa mmoja unatosha: jina la wimbo, tarehe, nani kaandika beti ipi, mdundo wa nani, kiitikio cha nani, kila mmoja ana asilimia ngapi, masta inabaki kwa nani, na sahihi za wote. Uandikwe kabla watu hawajaondoka studio. Kila mmoja aupige picha abaki nayo. Na anayesema "sisi ni ndugu, karatasi ya nini" aelewe kwamba ni kwa ajili ya udugu huo ndiyo tunaandika.

Hakimiliki yako inaanza pale wimbo unapokuwepo, haisubiri muhuri. Hata hivyo sajilini kazi COSOTA, chombo kilichotokana na sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, na jisajilini BASATA, baraza la sanaa la taifa, kama wasanii. Siku ya mgogoro, mwenye cheti na tarehe anasikilizwa kabla ya mwenye hadithi.

Kuna jambo la midundo ya kukodi ambalo nataka nilikalie, maana limewakuta wenzetu kadhaa na bado linawashangaza wengine. Mwenzetu mmoja wa Tandika aliukuta mdundo mtandaoni, akaulipia leseni ya bei ndogo, akachana vizuri sana, akapakia YouTube. Haikuchukua muda akaletewa taarifa kwamba wimbo wake una madai ya hakimiliki na mapato yote yanakwenda kwa mtu mwingine. Akaja kwangu na risiti mkononi, anatetemeka kwa hasira, anasema kaibiwa. Hakuna aliyemwibia. Leseni ile ya bei ndogo si ya kumiliki. Mdundo uleule unakodishwa kwa mamia ya watu dunia nzima. Mmoja wao aliuingiza wimbo wake kwenye Content ID, ule mfumo wa YouTube unaotambua sauti zinazofanana, na kuanzia hapo kila wimbo wenye mdundo ule ukawa unahesabiwa kuwa umetumia mali yake. Mwenzetu alipinga madai kwa kutumia leseni yake, akashinda, lakini siku za mwanzo za wimbo, zile ambazo watu wanasikiliza kwa hamu, zilikuwa zimeshapita.

Kwa hiyo someni leseni mpaka mwisho, hata kama Kiingereza chake ni kizito. Leteni kwenye kikao tuisome pamoja. Mdundo wa kukodi msiuingize Content ID, mtawafanyia wengine yaleyale. Na zaidi ya yote, tunao maprodyuza humu ndani. Sielewi kwa nini mchanaji wa Mbagala amlipe mtu asiyemjua dola thelathini kwa mdundo ambao hautakuwa wake, wakati prodyuza wa mtaa wa pili anakaa bila kazi. Mlipeni huyo wa mtaa wa pili, au mkubaliane asilimia, na mdundo uwe wenu peke yenu.

Tukija kwenye kutoa wimbo wenyewe, adui yetu ni haraka. Wimbo ukishafanyiwa masta, upumzike. Mpeni msambazaji wa mtandaoni, awe DistroKid, TuneCore, Ditto au mwingine mnayemwamini, mwezi mzima kabla ya tarehe ya kutoka. Mwezi huo una kazi yake. Spotify, kwa mfano, wanataka wimbo uwasilishwe kwa wahariri wao kupitia akaunti ya msanii angalau siku saba kabla haujatoka. Ukipakia leo ili utoke kesho, mlango huo umeufunga mwenyewe. Hakikisheni jina la msanii limeandikwa kwa herufi zilezile kila mara. Nimeona mwanachama ana kurasa tatu tofauti Boomplay kwa sababu mara anaandika jina lake kwa "k", mara kwa "q", mara anaongeza "Tz" mwishoni. Msikilizaji akimtafuta anapata nyimbo mbili, anadhani kaacha muziki. Wekeni majina ya waandishi na prodyuza. Andikeni mashairi yenu safi na kuyaambatanisha, kwa sababu hip hop inasikilizwa kwa kusomwa vilevile; kuna watu wanarudia mstari wako mara nne kutafuta ulichoficha mle, warahisishieni.

Kisha kuna hili la kununua namba, na hapa nitakuwa mkali. Wanakuja watu kwenye meseji wanaahidi wasikilizaji elfu kumi kwa bei ya soda chache. Hao si wasikilizaji. Ni mashine zinazobonyeza. Majukwaa yanazitambua, mapato yanafutwa, na tangu mwaka 2024 Spotify inamtoza faini msambazaji kwa nyimbo zilizojazwa usikilizaji hewa, naye msambazaji anakushukia wewe: wimbo unaondolewa, wakati mwingine akaunti nzima. Mwaka huohuo Spotify ilianza utaratibu kwamba wimbo usiofikisha kusikilizwa mara 1,000 ndani ya miezi kumi na miwili hauingii kwenye mgao wa mapato. YouTube nao wanataka wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya mwaka kabla hawajakugawia pesa za matangazo kwenye video za kawaida. Najua masharti haya yanawakatisha tamaa wadogo, na kwa kweli yanatuonea. Lakini elfu moja ni idadi ya watu wa kweli tunayoweza kuifikia tukipeana mkono, kwa sababu peke yetu humu ndani tunajaza ukumbi.

Fikirini kuhusu hao watu wachache wa kweli. Mwaka 2013 Nipsey Hussle wa Los Angeles alitoa kanda mseto yake ya Crenshaw bure mtandaoni, na papo hapo akauza nakala 1,000 za mkononi kwa dola 100 kila moja. Watu walimcheka, kisha nakala zikaisha. Kazi ni ileile: asiye na hela aliisikia bure, na aliyempenda kwa dhati akapewa njia ya kumsaidia. Hatuna wateja wa dola mia, lakini tunao watu wa aina hiyohiyo. Wana wa Tamaduni Muzik walituonyesha hapahapa Dar, walipokuwa wakikusanya watu kwenye onyesho lao la Kilinge pale Msasani Club: anayekuja kukusikiliza ukichana ana kwa ana, akakusalimia kwa jina baada ya shoo, ndiye atakayenunua albamu, fulana, tiketi.

Dada mmoja wa kwetu anafanya jambo ambalo ningependa tuige wote. Ana daftari la mistari mikubwa, lile la kaunta. Kila aliyewahi kununua wimbo wake au kuja kwenye onyesho lake ameandikwa mle: jina, namba ya simu, anakaa wapi, alipenda wimbo upi. Anapokaribia kutoa kazi, hawatumii tangazo la jumla. Anampigia mmoja mmoja jioni, au anamtumia sauti ya WhatsApp inayoanza na jina lake. Anampa siku tatu za kusikiliza kabla ya wengine, kwa shilingi elfu tano, inalipwa kwa simu. Niliketi naye jioni moja nikamsikia akimwambia fundi baiskeli wa Dodoma, "Kaka, ule mstari wa stendi nimeuandika baada ya yale uliyoniambia." Yule kaka alilipa kabla simu haijakatwa, na alitaka alipie na ya mdogo wake.

Na kwa kuwa nimemtaja dada, niliseme hili waziwazi: tangu enzi za Zay B na Sista P dada wanachana katika nchi hii, na bado kwenye nyimbo zetu tunawapa kiitikio tu. Wapeni beti kamili. Wapeni nafasi ya kufungua na ya kufunga shoo.

Msivisahau vile vibanda vya kuingiza nyimbo kwenye simu na memori kadi. Ninajua kuna wanachama wanaviona ni wezi, na ni kweli havitulipi. Lakini mteja wa kibanda cha stendi ya mkoani hana bando la kusikiliza mtandaoni kutwa; bando lake ni la meseji. Dereva wa lori anajaza flashi nzima pale kabla ya safari ya Tunduma. Nenda mwenyewe na faili safi, lenye jina lako, jina la wimbo, kava na namba ya simu mle ndani. Nimewahi kusimama kwenye kibanda kimoja nikaona wimbo wa mwenzetu, mkali kabisa, umeandikwa "Track 07", msanii "Unknown". Kijana wa kibanda akaniambia watu wanauulizia, yeye hajui aseme ni wa nani. Huko nje kuna watu wanaokupenda na hawajui jina lako.

Redio za mikoani nazo zina vipindi vinavyotafuta kazi mpya. Peleka wimbo kwa heshima, na maelezo mafupi ya wewe ni nani na wimbo unahusu nini. Ukiombwa hela ili uchezwe, shukuru, uondoke. Hela hiyo mlipe mpiga picha wetu.

Maombi yangu kwa mwezi ujao ni haya. Hakuna atakayetoa wimbo zaidi ya mmoja. Tutachagua wimbo wa kila Ijumaa kwa zamu, na wiki hiyo sisi wote, kuanzia dijei hadi mchora kava, tunaubeba huo: kwenye status, kwenye vibanda vya mitaa yetu, kwenye simu za watu wetu. Asubiriye zamu asinung'unike; zamu yake ikifika atabebwa na watu walewale.

Kikao ni Jumamosi, mahali petu pa kawaida, saa tisa alasiri. Kila mwenye wimbo aje na karatasi yake ya mgawano iliyosainiwa na tarehe anayopendekeza wimbo utoke. Asiye na karatasi aje na wenzake aliorekodi nao, tutaiandika palepale kabla ya mitindo huru kuanza. Maprodyuza, njooni na diski zenu tunakili vipande vya kila wimbo, ili kompyuta ikiharibika kazi ya mtu isipotee nayo. Nimeshanunua daftari la kaunta kwa kila mwanachama, gharama imetoka kwenye mfuko wa umoja, mtayachukua mlangoni.

Wenu katika kazi,
Katibu