Grafu Isiyo na Mandharinyuma Ni Nguo ya Kuazima

Leo nina ugomvi, na ugomvi wenyewe ni na neno moja tu: "transparent".

Ukitumia lugha ya R kuchora grafu, hutakaa sana kabla ya kukutana na ushauri huu. Mtu analalamika kwamba grafu yake imekaa kwenye slaidi ya rangi ya bluu kama kiraka cheupe kwenye suruali. Anajibiwa haraka: ondoa mandharinyuma! Kisha anapewa mstari mmoja:

png("mvua.png", bg = "transparent")

Basi, mambo yamekwisha. Picha inatoka bila rangi yoyote nyuma yake, kama kioo cha dirisha, na chochote utakachoiweka juu yake kinapenya. Inapendeza, nakubali. Lakini mimi nasema mara nyingi huu ni ushauri mbaya, na ubaya wake si wa urembo. Ni ubaya wa takwimu.

Kwanza tuelewane. R si lugha ya jana. Ross Ihaka na Robert Gentleman waliianzisha katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, mwanzoni mwa miaka ya 1990, na toleo la 1.0.0 likatoka Februari 2000. Ukiita png() bila kusema lolote kuhusu rangi ya nyuma, unapata nyeupe. Ukiita pdf(), unapata angavu, yaani isiyo na rangi, lakini huko hakuna anayeona tofauti kwa sababu ukurasa wa PDF kwa kawaida huonyeshwa mweupe. Kwa hiyo anayeandika bg = "transparent" kwenye PNG ameamua mwenyewe kuvua nguo ambayo R ilikuwa imemvisha.

Wengine huvuliwa bila kujua. Mwaka 2021, maktaba ya ggplot2 ilibadilishwa ili amri ya ggsave() ichukue rangi ya nyuma kutoka kwa mtindo wa grafu yenyewe. Wakati huo mtindo maarufu wa theme_minimal() haukuwa na rangi yoyote ya nyuma. Matokeo? Watu walihifadhi PNG zao kama kawaida, zikatoka angavu bila wao kuomba.

Sasa, kosa liko wapi? Nina hoja tatu.

Ya kwanza ni maandishi. Maandishi ya grafu ni meusi au kijivu, kwa sababu yalichaguliwa yasomwe juu ya kitu cheupe. Katika ggplot2 namba za kwenye mihimili ni za kijivu kinachoitwa grey30. Nimepiga hesabu kwa fomula ya ulinganuzi wa rangi inayotumiwa na W3C: juu ya nyeupe, kijivu hicho kinapata takriban 8.5 kwa 1. Juu ya nyeusi kinapata takriban 2.5 kwa 1. Kiwango cha chini kinachopendekezwa kwa maandishi ya kawaida ni 4.5 kwa 1. Majina ya mihimili, ambayo ni meusi kabisa, yanapata 1 kwa 1. Maana yake hayapo! Na tangu 2019, Android 10 na iOS 13 zilipoleta hali ya giza kwenye simu, msomaji mwenye skrini nyeusi si jambo la kufikirika tena. Huyo ndiye utakayemtumia grafu yako. Ataona mistari ya rangi ikipanda na kushuka, bila kujua kama ni shilingi, tani au wagonjwa.

Ya pili ni mbaya zaidi, kwa sababu haijifichi bali inadanganya. Ukiwa na nukta elfu kumi kwenye grafu moja, zitafunikana. Dawa inayojulikana ni kuzipa rangi hafifu, kwa mfano alpha = 0.2, ili zinaporundikana pakolee. Mbinu nzuri sana. Chora nukta za bluu juu ya nyeupe: penye msongamano ni peusi kuliko pembeni. Sasa ondoa nyeupe, weka nyeusi. Penye msongamano pamegeuka kuwa pang'avu kuliko pembeni! Kama maelezo chini ya grafu yanasema "sehemu nyeusi zaidi ndizo zenye watu wengi", umemwambia msomaji kinyume cha ukweli, na hukugusa hata namba moja ya data yako.

Ya tatu ni ramani, na hapa nawaomba mnisikilize kwa makini. Chukua ramani ya Kenya yenye kaunti 47, rangi ikianzia njano hafifu kwa kiwango cha chini hadi nyekundu iliyoiva kwa kiwango cha juu. Tuseme kaunti tatu hazikuleta takwimu. Kwa kawaida ggplot2 huzipaka kijivu, rangi ya kusema "hapa hatujui". Halafu anakuja mpenda urembo, anaandika na.value = "transparent". Juu ya ukurasa mweupe, kaunti hizo tatu sasa zinafanana na zile za njano hafifu, kana kwamba tatizo huko ni dogo. Juu ya slaidi ya kahawia au nyekundu, zinafanana na zile zenye tatizo kubwa kabisa. Ramani ni ileile, faili ni lileile, lakini kaunti ambayo haikuhesabiwa inapewa jibu na rangi ya slaidi. Kama grafu hiyo inatumika kuamua dawa au chakula cha msaada kiende wapi, hilo si jambo la kuchekea. Kutojua na sufuri si ndugu.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Grafu angavu inaazima nguo kwa kila inakotua. Leo inatua kwenye slaidi, kesho kwenye ripoti, keshokutwa kuna mtu anaigeuza kuwa JPEG ili iwe nyepesi. JPEG haina uwazi wa namna hiyo kabisa, kwa hiyo programu inayogeuza hulazimika kujaza rangi: nyingine hujaza nyeupe, nyingine nyeusi. Wewe mchoraji huna kauli tena.

Najua jibu linalokuja: "Sasa unataka turudi kwenye kile kiraka cheupe?" La hasha. Kiraka kinachukiza kweli. Lakini tazameni tatizo lilikuwa nini. Slaidi ni ya bluu, grafu ni nyeupe. Dawa yake ni kuipa grafu bluu ileile ya slaidi, pamoja na maandishi yanayosomeka juu ya bluu hiyo. R inaweza hilo bila jasho:

png("mvua.png", width = 1600, height = 1000, res = 200, bg = "#12344D")
par(fg = "white", col.axis = "white", col.lab = "white", col.main = "white")
plot(mwezi, mvua, type = "h", lwd = 6, col = "white", main = "Mvua kwa mwezi")
dev.off()

Mistari minne. Kwenye slaidi yako kiraka hakionekani, sawa na ile angavu. Tofauti ni kwamba mtu akiichomoa picha hiyo na kuibandika kwingine, bado inasomeka, kwa sababu imebeba rangi yake yenyewe.

Sikatai kwamba uwazi una kazi yake. Ukitengeneza tabaka la data la kuwekwa juu ya ramani nyingine, huna njia nyingine, lazima kilicho chini kionekane. Ukichora kwa ajili ya ukurasa unaoumiliki mwenyewe, ambapo unadhibiti rangi ya nyuma na rangi ya maandishi mchana na usiku, endelea tu. Kanuni yangu ni fupi: vua mandharinyuma pale tu unapojua kwa hakika nini kitakuwa nyuma, na kwamba picha haitatoka hapo. Ikiwa itasafiri, ivishe.

Kwa hiyo ninyi mnaowafundisha wanaoanza R, acheni kuwapa mstari mmoja na kuwaaga. Mtu akiuliza namna ya kuondoa mandharinyuma, muulize kwanza grafu inakwenda wapi na nani ataisoma. Ni swali la sekunde kumi.

Na kama bado unadhani nimetia chumvi, fanya hivi. Chukua grafu angavu uliyomtumia mtu mwezi huu. Iweke simu yako kwenye hali ya giza, ifungue hapo, kisha nisomee namba za mhimili wima. Ukiweza kuzisoma zote bila kukunja uso, nitanyamaza.