Mgombea aseme neno kuhusu leseni

Ndugu Mhariri,

Jumamosi iliyopita anayegombea kiti chetu katika Baraza la Wawakilishi la Maine alipiga hodi kwangu, hapa Lewiston. Nilimkaribisha chai. Aliahidi kuzipunguza siku 180 ambazo wanaoomba hifadhi hungoja kabla ya kupata kibali cha kazi. Lakini hiyo ni sheria ya Washington. Wabunge 151 wa baraza hilo la Augusta hawawezi kuigusa.

Kilicho mikononi mwa jimbo ni leseni za taaluma, na hapo hakuwa na neno. Shemeji yangu aliuguza wagonjwa Bukavu kwa miaka 11. Leo anaosha sufuria usiku, vidole vimechubuka kwa sabuni, ilhali Maine ni miongoni mwa majimbo yenye wazee wengi zaidi Marekani na wauguzi wanatafutwa kila kona.

Kuhusu shule, mgombea anataka chakula cha bure kiendelee. Vyema kabisa.

Atailinda pia MaineCare, bima ya afya ambayo wapiga kura wenyewe waliipanua Novemba 2017. Hapo namuunga mkono kwa moyo wote. Ila mwezi jana, kwenye zahanati moja, nilimwona mtoto wa miaka tisa akimtafsiria mama yake habari za uvimbe tumboni. Alikwama, akanitazama mimi. Mkalimani alikuwa wapi?

Ndugu zangu mliokwisha kula kiapo cha uraia, mgombea huyo akibisha hodi kwenu muulizeni hayo mawili: leseni na wakalimani. Atujibu kabla ya kura.

Msomaji wako,
Lewiston, Maine